Mchoro Ukibadilika, Dhima ni ya Nani?

Hakuna kazi kubwa ya uhandisi inayomalizika sawasawa na ilivyochorwa siku ya kwanza. Udongo unapochimbwa huonekana kuwa laini kuliko vipimo vilivyoonyesha. Chuma cha ukubwa uliotakiwa hakipatikani. Mto huhamisha kingo zake kati ya msimu na msimu. Mwenye mradi huongeza mahitaji yake. Kwa hiyo kubadilisha usanifu si kosa, wala si dalili ya wahandisi wasioijua kazi yao. Ni sehemu ya uhandisi wenyewe. Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni jingine: mabadiliko hayo yakileta madhara, ni nani anayepaswa kujibu? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba msimamizi wa mradi, yaani mtu aliyekabidhiwa mamlaka ya kusema "endeleeni" au "simameni", hawezi kujivua dhima kwa kisingizio kwamba hesabu ilifanywa na mtu mwingine.

Wakazi wa Umwe, kata iliyo katika mji mdogo wa Ikwiriri wilayani Rufiji, wana sababu nzuri ya kulipenda swali hili. Karibu nao, upande wa kusini, Daraja la Mkapa lenye urefu wa takriban meta 970 limeuvuka Mto Rufiji tangu mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yaliyokwenda Lindi na Mtwara yalivushwa kwa kivuko. Mbali juu ya mto, katika korongo la Stiegler, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2018 na ambalo mitambo yake tisa, kila mmoja wa megawati 235, ina uwezo wa kuzalisha jumla ya megawati 2,115. Chini ya mto, katika wilaya ya Kibiti, maji hayohayo hugawanyika katika mikono ya delta na kuinywesha misitu ya mikoko. Bonde zima linalomimina maji yake katika mto huu lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 177,000.

Watu wa bonde hili wanaijua nguvu ya maji bila kufundishwa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 wakazi wengi wa mabondeni walihamishiwa katika vijiji vya miinukoni. Aprili 2024 mafuriko yaliingia tena katika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, na mwezi uliofuata mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga. Mahali kama hapa, tofauti ya sentimita chache katika mchoro wa daraja au mfereji si jambo la karatasi. Ni tofauti kati ya mgonjwa kufika hospitali na kutofika, kati ya mpunga kufika sokoni na kuozea ghalani.

Maneno matatu yasiyolingana

Katika mazungumzo ya kila siku maneno wajibu, uwajibikaji na dhima huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja. Kabla ya kuendelea, yafaa yatenganishwe.

Wajibu ni kazi ambayo mtu amepewa aifanye. Mhandisi msanifu ana wajibu wa kukokotoa uzito na nguvu. Mpimaji ana wajibu wa kupima ardhi. Fundi ana wajibu wa kufunga vyuma kama mchoro unavyoagiza. Wajibu waweza kugawanywa kwa watu mia, na kila mmoja akachukua kipande chake.

Uwajibikaji ni kusimama na kueleza kwa nini jambo lilifanyika vile lilivyofanyika. Huu haugawanyiki kwa urahisi. Msimamizi aweza kumtuma mhandisi akokotoe kwa niaba yake, lakini hawezi kumtuma ajibu kwa niaba yake. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakumaanisha kwamba mabaharia wasiwe wengi. Walimaanisha kwamba neno la mwisho liwe la mtu mmoja anayejulikana.

Dhima ni matokeo yanayomwangukia mtu kisheria pale madhara yanapotokea. Nchini Tanzania dhima hiyo huweza kuja kwa njia nne. Ya kwanza ni mkataba: aliyeahidi kazi ya namna fulani na akatoa ya namna nyingine hudaiwa. Ya pili ni madai ya fidia kutoka kwa aliyeumizwa na uzembe. Ya tatu ni taaluma: Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, inaweza kumwondoa mhandisi katika daftari lake. Ya nne ni jinai. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 195, huhesabu kuwa ni kosa la kuua bila kukusudia si kitendo haramu tu kilichosababisha kifo, bali pia kuacha, kwa uzembe mkubwa, kutimiza wajibu uliokusudiwa kulinda uhai au afya ya watu. Msomaji azingatie neno hilo "kuacha". Mtu aweza kuwa na hatia bila kuinua nyundo wala kalamu.

Kalavati la mfano

Ili jambo hili lieleweke, na tuchukue mfano wa kubuni. Barabara ya udongo inapita kwenye kijito karibu na Umwe. Mchoro umeagiza kalavati la bomba moja lenye kipenyo cha milimita 900. Mabomba yanapofika ni ya milimita 600, kwa kuwa yale makubwa yamekwisha kwa muuzaji. Mvua za masika ziko karibu. Fundi mkuu anampigia simu msimamizi wa mradi aliyeko mjini na kumweleza. Msimamizi anauliza, "Tofauti ni kubwa?" Fundi anajibu kwamba ni kama theluthi moja. Msimamizi anasema, "Basi wekeni, tusije tukachelewa." Hakuna kilichoandikwa, na mhandisi aliyesanifu hakuulizwa.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuonyesha jinsi neno "theluthi" lilivyodanganya. Kipenyo kimepungua kwa theluthi moja, lakini eneo la mduara hufuata mraba wa kipenyo. Bomba la milimita 900 lina eneo la meta ya mraba 0.636, la milimita 600 lina 0.283 tu, yaani asilimia 44 ya lile la kwanza. Tena, bomba likiwa jembamba, sehemu kubwa zaidi ya maji husuguana na ukuta wake na kucheleweshwa. Wahandisi wanaonyesha kwamba, mteremko ukiwa uleule na bomba likiwa limejaa, kiasi cha maji kinachopita hufuata kipenyo kikipandishwa kwa kipeo cha 8/3. Kwa hesabu hiyo bomba dogo hupitisha takriban asilimia 34 ya maji ya bomba kubwa. Theluthi iliyodhaniwa kupotea ndiyo theluthi iliyobaki.

Hata kama fundi angeweka mabomba mawili, yasingetosha, kwani yangepitisha asilimia 68. Yangehitajika matatu. Jambo hili lilikuwa linawezekana. Mabomba matatu ya milimita 600 yangeweza kulazwa sambamba, na barabara ikapona. Hivyo mabadiliko yenyewe hayakuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa katika njia yaliyopitia.

Sasa masika yamefika, maji yamekosa njia, yamepanda juu ya tuta na kulibomoa. Dhima ni ya nani? Fundi atasema aliuliza na akajibiwa. Mhandisi msanifu atasema mchoro wake haukufuatwa. Muuzaji atasema aliuza alichoombwa. Kila mmoja ana hoja yenye uzito. Abaki msimamizi, ambaye peke yake alikuwa na mamlaka ya kuisimamisha kazi kwa siku mbili na kumtafuta msanifu. Hakukosea hesabu, kwa sababu hakufanya hesabu yoyote. Alichokosa ni kuhakikisha kwamba hesabu imefanywa na mwenye kuijua. Hilo ndilo jukumu lake mahususi, wala hakuna mwingine katika mradi aliyeajiriwa kwa ajili yake.

Fimbo za Kansas City

Mfano uliotangulia ni wa kubuni. Ufuatao ulitokea, na wahandisi duniani kote husomeshwa habari zake. Katika jiji la Kansas City, nchini Marekani, hoteli ya Hyatt Regency ilifunguliwa mwaka 1980. Ndani ya ukumbi wake palikuwa na madaraja ya waenda kwa miguu yaliyoning'inizwa kutoka darini kwa fimbo za chuma. Daraja la ghorofa ya pili lilikuwa chini kabisa ya lile la ghorofa ya nne. Usiku wa tarehe 17 Julai 1981, ukumbi ukiwa umejaa watu, madaraja hayo mawili yalianguka. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 waliumia.

Mchoro wa awali ulionyesha fimbo ndefu zinazotoka darini, zikipita katika boriti za daraja la juu na kushuka hadi daraja la chini. Katika mpango huo kila daraja lilikuwa linashikwa na nati zake, na fimbo ndiyo iliyobeba jumla. Fimbo ndefu kama hizo ni taabu kutengeneza na kufunga, kwa sababu sehemu kubwa ya urefu wake hulazimika kukatwa hesi. Ikabadilishwa kuwa fimbo fupi mbili mbili: moja kutoka darini hadi daraja la juu, nyingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Katika mchoro badiliko hilo lilionekana dogo sana.

Anayelijua jiko la pwani ataelewa upesi kilichotokea. Chukua susu mbili za kuwekea chakula. Ukifunga kamba ndefu kwenye boriti ya dari, ukafunga susu ya kwanza katikati ya kamba na ya pili mwishoni, kila fundo linashika susu moja. Lakini ukikata kamba, ukaifunga susu ya pili kwenye ukingo wa ile ya kwanza, fundo la susu ya juu sasa linashika zote mbili. Kamba ya darini haijaongezewa uzito wowote. Fundo ndilo lililoongezewa maradufu. Ndivyo ilivyokuwa kwa nati zilizo chini ya boriti za ghorofa ya nne.

Uchunguzi wa Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, uliotolewa mwaka 1982, ulionyesha jambo la kusikitisha zaidi. Hata kiungo cha mchoro wa awali kingekuwa na takriban asilimia 60 tu ya nguvu zilizotakiwa na kanuni za ujenzi za jiji. Baada ya badiliko nguvu hizo zilikuwa kama nusu ya hapo. Maana yake ni kwamba, kama badiliko lingekokotolewa upya kwa makini, kosa la kwanza nalo lingegunduliwa. Utaratibu mzuri wa mabadiliko hauzuii makosa mapya tu. Hufichua na ya zamani.

Katika mashauri yaliyofuata, kiwanda kilichotengeneza chuma kilieleza kwamba idhini iliombwa kwa simu. Upande wa wahandisi ulikana. Lakini michoro ya kiwanda yenye badiliko lile ilikuwa na mhuri wa ofisi ya wahandisi kuonyesha kwamba imepitiwa. Mwaka 1985 jaji wa shauri la kiutawala aliona kwamba Jack Gillum, mhandisi ambaye muhuri wake ulikuwa juu ya usanifu, na Daniel Duncan, mhandisi wa mradi, walikuwa na hatia ya uzembe mkubwa, na leseni zao katika jimbo la Missouri zilifutwa. Gillum hakuwa amekikagua kiungo kile mwenyewe. Hilo halikumwokoa. Kanuni iliyothibitishwa pale ni kwamba muhuri si pambo: anayeuweka hukubali kujibu kwa kilicho chini yake, hata kama mikono iliyokokotoa ni ya wengine.

Kisa hiki hakikuwa cha kwanza. Nchini Kanada, urefu wa pengo la katikati la Daraja la Quebec uliongezwa mwaka 1900 kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, lakini uzito wa daraja lenyewe haukukokotolewa upya kama ilivyopasa. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja lilianguka likiwa bado linajengwa, na wafanyakazi 75 wakafa. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa akiisimamia kazi kutoka New York, mamia ya kilometa kutoka mtoni. Mamlaka yalikuwa mbali, na hatari ilikuwa pale kazini.

Ghorofa sita za Dar es Salaam

Isidhaniwe kwamba haya ni ya nchi za mbali. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa na viongozi kwamba kibali cha ujenzi kilikuwa cha ghorofa 10. Watu kadhaa walishtakiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Hesabu ya darasani inatosha kuonyesha uzito wa badiliko la namna hiyo. Ikiwa ghorofa zote zina uzito sawa, nguzo za chini zilizosanifiwa kubeba sehemu 10 zinabebeshwa sehemu 16; ni nyongeza ya asilimia 60. Hesabu hii haielezi peke yake chanzo cha ajali, kwa sababu jengo huweza kuanguka kwa sababu nyingi zikichangamana: zege hafifu, vyuma pungufu, msingi dhaifu. Lakini inaonyesha kwamba kati ya ghorofa ya 10 na ya 16 palikuwa na siku nyingi, lori nyingi za saruji na watu wengi walioona. Ghorofa sita haziongezwi usiku. Kila moja ilihitaji mtu wa kusema "endeleeni".

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba kumtwika msimamizi dhima ni kumwonea. Hoja zao zinastahili kujibiwa kwa haki.

Hoja ya kwanza ni kwamba msimamizi aghalabu si mhandisi. Huenda ni mhasibu, au mtaalamu wa utawala, na hawezi kukagua hesabu za zege. Ni kweli. Lakini hatakiwi kuzikagua. Anatakiwa kuuliza maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kuyauliza: ni nani aliyekokotoa, amesajiliwa, ameandika wapi, na msanifu wa kwanza amekubali? Asiyeweza kuuliza haya hafai kupewa mradi. Isitoshe, hapa pana pengo linalopaswa kuzibwa. Bodi ya wahandisi haiwezi kumfuta mtu asiyekuwamo katika daftari lake. Hivyo msimamizi asiye mhandisi aweza kuwa na mamlaka makubwa kuliko mhandisi, na dhima ndogo kuliko yeye. Dawa yake ni kwamba barua ya uteuzi na mkataba wake vitaje waziwazi kwamba kuidhinisha mabadiliko ni jukumu lake na kwamba atalijibia.

Hoja ya pili ni kwamba msimamizi hushinikizwa. Mwenye mradi anataka tarehe ya ufunguzi. Fedha za mwaka zinakwisha. Mgeni rasmi amekwisha kualikwa. Hili nalo ni kweli, na ndiyo sababu dhima isikome kwake. Mtu anayemwamuru msimamizi aendelee pasipo hesabu amejitwalia mamlaka ya msimamizi, basi na achukue na dhima yake. Kipimo kiwe kimoja kwa wote: dhima ifuate mamlaka. Fundi asiyekuwa na uwezo wa kusimamisha kazi asifanywe mbuzi wa kafara, na mkubwa aliyetoa amri kwa mdomo asijifiche nyuma ya ukimya wa karatasi. Hata hivyo shinikizo halimfuti msimamizi. Nahodha anayeng'oa nanga katika dhoruba kwa kuwa tajiri ana haraka bado ni nahodha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Inasema kwamba watu wakiogopa dhima wataficha mabadiliko badala ya kuyatangaza, na hatari itaongezeka. Historia inaonyesha kwamba hofu hiyo si ya bure. Jengo la Citicorp huko New York, lenye ghorofa 59, lilipokamilika mwaka 1977, viungo vya mihimili yake ya kuzuia upepo vilikuwa vimefungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa kama ilivyokusudiwa. Mhandisi wake, William LeMessurier, alipotambua mwaka 1978 kwamba jengo lingeweza kushindwa na upepo mkali, aliwaendea wenye jengo na kuwaambia, na viungo vikachomelewa vyuma vya kuviimarisha. Lakini wananchi waliokuwa wakiishi chini ya jengo hilo hawakuelezwa ukweli. Habari ilijulikana kwa umma mwaka 1995 tu. Kwa hiyo LeMessurier anastahili sifa kwa nusu ya kwanza ya kisa, na lawama kwa nusu ya pili.

Somo linalopatikana hapo ni kwamba adhabu isielekezwe kwenye badiliko wala kwenye kosa lililotangazwa mapema na kurekebishwa. Ielekezwe kwenye kuficha, kutouliza na kutoandika. Anayesema "nimekosea, tusimamishe kazi" alindwe. Anayesema "endeleeni, tutaandika baadaye" aadhibiwe, hata kama kwa bahati jengo halikuanguka.

Utaratibu unaofaa

Mikataba mingi ya kimataifa ya ujenzi hufuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Masharti ya toleo la mwaka 1999 yanaeleza kwamba maagizo ya mhandisi yatolewe kwa maandishi kila inapowezekana. Agizo likitolewa kwa mdomo, mkandarasi aweza kulithibitisha kwa maandishi katika siku mbili za kazi. Na mhandisi asipojibu katika siku mbili za kazi baada ya kupokea uthibitisho huo, maandishi hayo huhesabiwa kuwa ni agizo lake. Yaani ukimya wake ni saini. Sharti hili dogo lina hekima kubwa, kwa kuwa linamnyima mkubwa nafasi ya kunyamaza kwanza na kukana baadaye.

Miradi midogo ya vijijini, ya kalavati, kisima au darasa la shule, haiwezi kubeba mkataba wa mamia ya kurasa. Lakini kila mradi waweza kuwa na daftari moja la mabadiliko, lililofungwa na kurasa zake kuhesabiwa. Katika kila ukurasa yaandikwe mambo matano: kilichokuwa katika mchoro, kinachopendekezwa badala yake na sababu yake, jina la aliyekokotoa upya na matokeo aliyopata, sehemu nyingine za kazi zitakazoguswa na badiliko hilo, na saini ya msimamizi pamoja na tarehe. Pasipo ukurasa huo, fundi awe na haki ya kukataa kuendelea, na asipoteze ujira wake kwa kukataa. Daftari likae mahali pa kazi, si katika kabati la makao makuu, na kamati ya kijiji iweze kulisoma. Wananchi watakaopita juu ya kalavati lile wana haki ya kujua kwamba bomba la 900 limekuwa la 600, na ni nani aliyekubali.

Nafasi ya shule

Walimu wa fizikia na hisabati wanaweza kulifanya somo hili darasani kwa gharama ndogo. Wanafunzi watengeneze madaraja mawili ya karatasi ngumu, wayaning'inize kwa uzi kwa namna zote mbili zilizoelezwa, kisha waongeze vijiwe kidogo kidogo na kuandika ni kiungo kipi kinachoachia kwanza. Wale walio karibu na barabara wapime vipenyo vya makalavati ya mtaani kwao na kukokotoa uwiano wa maji yanayoweza kupita. Jaribio linapobadilishwa katikati, kwa mfano uzi mnene ukiwekwa badala ya mwembamba, badiliko hilo liandikwe katika daftari pamoja na jina la aliyelikubali. Mazoea ya kuandika yakianza katika maabara ya shule, hayatakuwa mageni kazini.

Miongoni mwa wanafunzi hao, wengine watakuwa wahandisi na wengine watakuwa wasimamizi wasiokuwa wahandisi. Wote watapigiwa simu siku moja na fundi aliyesimama kando ya kijito, akiuliza kama aendelee. Elimu ya sayansi itakuwa imetimiza kazi yake ikiwa wakati huo watajua kwamba jibu sahihi la kwanza si ndiyo wala siyo, bali ni kuuliza hesabu iko wapi; na ikiwa watakuwa tayari kuweka majina yao chini ya jibu la pili.